Vitufe Viwili, Neno Moja

Dublin, Jumapili

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepoa kiasi cha kukufikisha shamba la bondeni bila fimbo. Mama hajambo? Mvua za vuli zimeshafika Kwedizinga, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi mwili ni mzima. Moyo sio. Barua yako ninayo siku ya nne leo, nashindwa kuijibu kwa adabu, na sina hakika kama nitaweza. Kwa hiyo nisamehe mapema.

Umeandika kwamba Hamisi amekuaibisha mbele ya wafugaji wa Mazingara. Kwamba amefuta kwa makusudi orodha ya ng'ombe wao waliochanjwa, na umemwambia asikanyage tena kwako. Umeandika pia kwamba Mzee Koinet, rafiki yako tangu ujana, alikuja mpaka uani akasema, "Mwanao, mtoto wa mkulima, kafuta ng'ombe wetu," akakataa hata maji ya kunywa. Hilo la maji limeniuma, Baba. Lakini aliyefuta ng'ombe wale si mdogo wangu peke yake. Na mimi nimo.

Unajua kazi yangu huku ni kutafsiri, ila sijawahi kukueleza natafsiri nini. Si vitabu. Ni yale maneno mafupi yanayotokea kwenye kioo cha kompyuta kumwambia mtu abonyeze wapi. Kampuni inatengeneza programu, halafu inataka iseme Kiswahili, Kihausa, Kivietinamu. Sisi watafsiri tunapewa mwongozo mnene. Neno la kwenye kitufe lisizidi herufi nane. Neno lisilokuwemo kwenye orodha yao lisitumike. Sentensi moja ifae kwa vitu vyote. Hii ya mwisho nilipigana nayo mwezi mzima. Kwao ni sawa tu kompyuta iseme "mtu imefutwa", "ng'ombe imefutwa", kama mgeni aliyeshuka jana kwenye basi pale Korogwe. Nikawaambia kwetu mtoto wa miaka mitatu angecheka. Wakanijibu mtoto wa miaka mitatu si mteja.

Mwaka jana ikaja programu ya kuorodhesha mifugo. Sikuambiwa inakwenda nchi gani. Ndani yake palikuwa na kidirisha kinachouliza, "Unataka kufuta orodha yote?" na chini yake vitufe viwili, kimoja cha kukubali na kingine cha kuacha. Nikaandika "Futa" na "Ghairi". Msimamizi wangu, mama mmoja anaitwa Fiona, akanirudishia. "Ghairi" halimo kwenye orodha. Orodha yenyewe aliitunga mtu asiyejua Kiswahili, kwa kutafuta neno la Kiingereza "cancel" kwenye kamusi tu, na kamusi ikampa "futa", kama mtu anavyofuta mkutano. Fiona akabadilisha kwa kalamu yake. Vitufe vyote viwili vikawa "Futa".

"Fiona," nikamwambia, "hapa mtu atachaguaje?"

"Mwongozo ni mmoja kwa lugha zote, Zaina. Weka sahihi, tumechelewa."

Nikaweka. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi ule, na bila mkataba huku huna kibali cha kukaa. Niliogopa, Baba, nikatia sahihi chini ya kitu nilichojua ni kibovu. Sijamwambia mtu yeyote mpaka leo.

Sasa msikilize Hamisi, maana inaonekana hakuna aliyemsikiliza. Ameniandikia kurasa mbili kutoka chumba alichopanga Old Korogwe. Siku ile pale ofisini kwenye mradi wa chanjo alikuwa anaondoa ng'ombe mmoja aliyekufa kwenye programu hiyohiyo. Mkono ukateleza, kidirisha kikatokea, kikamuuliza kama anataka kufuta orodha yote. Akashtuka. Akatazama chini: Futa, Futa. "Dada," ameandika, "nikafikiri kimoja ni cha kufuta ng'ombe, kingine cha kufuta swali. Nikasema bismillahi, nikabonyeza kimoja."

Alibahatisha! Mtu aliyezunguka boma kwa boma kwa baiskeli, akiandika mpaka alama za masikio, ameachiwa abahatishe. Na bila orodha ile bwana mifugo hawapi wafugaji kibali cha kupeleka ng'ombe mnadani, ndiyo maana wanaona ni njama ya wakulima, na ugomvi wa malisho haujapoa.

Nikaichukua barua ya Hamisi nikaenda nayo kwa Fiona. Akasikiliza, akasema, "Si angebonyeza kwa uangalifu?"

Damu ikanipanda. Nikafungua programu ileile kwenye kompyuta yake, kwa Kiswahili, nikakiita kile kidirisha. "Haya. Hawa ni ng'ombe wa majaribio. Waokoe. Kwa uangalifu."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akakaa hivyo muda mrefu, kidole juu. Kisha akabonyeza. Wote wakatoweka, na kioo kikaandika: "Ng'ombe imefutwa."

Akasema toleo lijalo litarekebishwa. Nikamwambia nataka barua ya kampuni kwenda kwenye mradi, ikiri kosa. Akasema wanasheria hawatakubali, na nikitoa karatasi hata moja nje, sina kazi.

Karatasi zimo ndani ya bahasha hii. Ipo tafsiri yangu ya kwanza, ipo ile yenye mwandiko wa Fiona na sahihi yangu, na picha ya kidirisha. Juzi nimerudisha kitambulisho cha mlangoni. Kibali changu kinakwisha baada ya Ramadhani, nami nitarudi. Usinihurumie.

Ila nawe nimekukasirikia, Baba, na sitaficha. Ulimuuliza Hamisi ilikuwaje? Au ulisikia sauti ya rafiki yako ukaona inatosha? Hamisi anasema bwana mifugo amekubali orodha iandikwe upya, lakini hakuna boma linalomkaribisha. Nenda naye Mazingara. Atembee mbele yako, si nyuma. Msomee Mzee Koinet barua hii yote, na pale nilipotia sahihi usiparuke. Kusoma hajui, lakini macho anayo. Mwonyeshe ile picha, ataona mwenyewe maneno mawili yanafanana.

Mpe Mama shikamoo yangu. Msalimie shangazi yetu wa Korogwe, na umshukuru kwa kumpelekea Hamisi chakula wakati sisi wengine tulikuwa tunamhukumu. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa shule ya msingi naye mpe shikamoo, kama bado anafundisha.

Jibu lako usilitume huku. Kabla hujashika kalamu, panda basi uende Old Korogwe ukamrudishe mwanao nyumbani.

Binti yako,
Zaina