Milango Minne ya Landrova Yako

Baba Editha,

Ungenipigia simu mwenyewe ningekujibu kwa simu, tena kwa kifupi. Lakini umepitia kwa mtoto. "Mwambie mama yako nakuja kuchukua milango ya gari. Mdogo wako ameanza kusimama, gari halimfai lilivyo." Editha alianza kunisomea kwa sauti pale dukani mbele ya wateja, hajui kilichomo, na alipofika kwenye "mdogo wako" akaacha kusoma, akanikabidhi simu. Kwa hiyo na mie naandika hadharani. Asome anayetaka.

Milango ipo. Yote minne. Miwili imeegemea ukuta nyuma ya nyumba hapa Tabata. Mmoja ndio unafunga banda la kuku. Ule wa kushoto wa nyuma niliuingiza chumbani kwangu, umesimama nyuma ya kabati mpaka leo, na kwa nini uko huko nitakwambia.

Lakini kwanza nianze na uzuri wako, usije ukasema nimesahau. Unakumbuka tulivyoikuta ile landrova? Ilikuwa imetupwa nyuma ya gereji kule Temeke, majani yameota mpaka ndani ya injini. Mie nilikuwaga nauza vipuri vya pikipiki kwenye meza ya mbao, wewe ni fundi wa mikono mizuri, na hilo silikatai hata leo. Kila Jumapili tukitoka kanisani nabadili nguo nakuja kukaa juani nikupe spana. Nikawa najua kabla hujafungua mdomo: hapa kumi na tatu, hapa kumi na saba. Siku ilipowaka ulininyanyua ukanizungusha mbele ya mafundi wenzio, na mmoja akapiga kelele, "Shemeji, mwambie akuweke chini akazime gari, betri yenyewe ya kuazima!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa na mimba ya Editha siku ile, na sikuwa nimekwambia bado.

Miaka ikaenda, tukaanza kuikodisha kwenye harusi. Matarumbeta mbele kwenye pikapu, sie nyuma yao na mpiga video, halafu maharusi. Ni yule mpiga video wa Sinza aliyeleta balaa. Alikuja hapa nyumbani akalizunguka gari, akagonga mlango kwa kidole kama anagonga tikiti maji.

"Braza, toa hii milango. Inanibana. Nataka nitoe mguu nje, nitoe na mwili, nimpige bibi harusi kutoka ubavuni."

Nikamuuliza, "Na ukidondoka?"

"Shemeji, nitakuwa napiga picha huku naanguka. Hiyo video nitaiuza bei mbaya."

Mkacheka nyie wawili. Ukachukua spana namba kumi na tatu saa ile ile. Nani alishikilia ile milango usikuangukie ukifungua bawaba? Mie. Nilikwambia toa ya mbele tu, mpiga video akae mbele, ya nyuma iache kwa sababu siku ya harusi kiti cha nyuma hujaa watoto. Ukanijibu, "Mama Editha, gari nusu uchi linachekesha. Ama lote ama basi." Bolti zote ukazimwaga kwenye kopo moja la maziwa ya unga, za mlango huu na za mlango ule, zikachanganyika. Hapo ndipo nilipojua huna mpango wa kuirudisha.

Na ilipendwa, nisiseme uongo. Ilipokuwa na milango tulikuwa tunapata harusi moja kwa mwezi. Bila milango tukawa hatuna Jumamosi. Mie ndiye niliyekuwa nafanya hesabu, na hesabu zilikuwa upande wako. Ndiyo maana nilinyamaza kuliko nilivyopaswa. Lakini sikunyamaza kabisa, na hilo unalijua.

Sasa ile harusi ya binamu yako. Editha alikuwa na miaka sita, amechaguliwa kubeba maua, kavaa gauni la satini nililomshonea mwenyewe. Viti ulikuwa umevivisha nailoni visichafuke. Satini juu ya nailoni, hebu fikiria. Nikamkalisha nyuma katikati, mie kulia kwake, mke wa kaka yako akaja kushoto. Tulipotoka kanisani huyo mama akashuka, kaitwa kwenye gari la wazazi. Wewe ukawa umeshapiga honi, umeshaondoka. Upande wa kushoto kukabaki hewa tu.

Kisha tukafika kwenye kipilefti. Watu wa Dar tunajuana: msafara wa harusi ukifika kwenye kipilefti hauendi zake, lazima uzunguke, matarumbeta yapasuke, waendao kwa miguu watoe simu. Mzunguko wa kwanza nikamshika Editha mkono. Wa pili nikakwambia, "Punguza!" Hukusikia. Matarumbeta yalikuwa hatua chache mbele yetu, mpiga video anakuhimiza, "Kanyaga, braza, kanyaga, bibi harusi anacheka!" Na kipilefti tunakizunguka kwa kulia, kwa hiyo kila kilicho ndani ya gari kinasukumwa kushoto.

Mzunguko wa tatu mkono wake ukaniponyoka.

Aliteleza kimya. Hakulia, hakuita. Niliona mgongo wake, halafu nikaona lami. Nilidaka mkanda wa gauni, ule ufungwao nyuma kama ua, na mkono wangu mwingine ukang'ang'ania chuma cha kiti. Miguu yake ilikuwa nje. Kiatu kimoja kikatoka, gari la nyuma likakikanyaga. Nikapiga yowe, Baba Editha. Yowe ambalo sijawahi kulipiga hata nilipokuwa namzaa.

Na wewe ukadhani ni vigelegele. Ukajibu kwa honi. Ukaongeza mwendo.

Nilimvuta ndani kwa mkanda ule, niliokuwa nimeushona mara mbili kwa sababu uzi ulikuwa hafifu. Bila hivyo leo ningekuwa naandika barua nyingine.

Tulipofika ukumbini nikashuka, mtoto kanikumbatia shingo, nikakueleza. Ukamwangalia juu mpaka chini, ukasema, "Si hajadondoka?" Ukaenda kuegesha gari vizuri kwa ajili ya picha.

Nilikuomba milango irudi. Ukasema Jumamosi inayofuata kuna watu wa Mwananyamala wameshailipia. Usiku ule ule nikauchukua ule wa kushoto wa nyuma nikauingiza chumbani, kwa sababu kila nilipopita uani ulikuwa unanikodolea macho. Ulivyoondoka mwaka uliofuata ukaenda na gari na kopo lako la bolti, milango ukaniachia. Hukuihitaji. Miaka yote hii, binti yako akija kwako likizo unampakia kwenye gari lile lile, nami namwambia akae mbele, afunge mkanda, ashike chuma. Hukuwahi kuiulizia.

Leo una mtoto mwingine, ndio unaihitaji.

Nilipousikia ujumbe wako nikamwita jamaa wa vyuma chakavu. Alikuja na mizani yake, nikawahamisha kuku, nikautoa hata ule wa chumbani. Alikuwa ameshaunyanyua mmoja Editha aliporudi kutoka shule. Kidato cha tatu sasa, mrefu kama wewe. Akasimama anaangalia. Nikamwambia, "Usiniambie kitu. Nauza."

"Uza tu, mama. Ni haki yako." Akavua begi. "Ila huyo mtoto watamkalisha upande gani?"

Akaingia ndani kubadili nguo. Mie nikabaki pale na yule jamaa na mizani yake, nikautazama ule wa kushoto wa nyuma. Nikamwambia jamaa aende zake, milango yote nikairudisha ilipokuwa. Alinitukana kidogo, na alikuwa na haki.

Basi sikiliza. Njoo Jumapili baada ya ibada, na gari. Usilete fundi, utaifunga mwenyewe, hapa uani, mie nitashikilia kama zamani. Kopo lako liache, zile bolti umeshazivuruga; nimetoa mpya dukani na bawaba nimezitia grisi. Sikudai hata shilingi moja. Mwambie na mama wa huyo mtoto kwa nini gari lilikuwa halina milango, umwambie kwa mdomo wako, maana nikikutana naye nitamwambia mie.

Ukimaliza mlango wa mwisho usinishukuru. Muite Editha. Usimletee zawadi, usimtanie kuhusu urefu wake. Mwangalie usoni umwambie kwamba siku ile angekufa, na kwamba wewe ndiye ulikuwa unaendesha. Amesubiri miaka tisa kulisikia hilo kwako, na hajawahi kuniambia kwamba anasubiri. Mie namjua tu.

Ukilisema, ondoka na milango yako. Ukishindwa, ondoka nayo vilevile, kwa ajili ya huyo mdogo. Lakini ukifika huko njiani ujue binti yako alikuwa amesimama getini muda wote.

Ni mie,
Mama Editha