Chiriku Apewa Mimbari

Jumanne, 4 Machi

Chiriku atahubiri! Naandika kabla sijavua hata viatu, suruali imejaa nyuzi za makochi.

Leo mchungaji aligawa mafungu kwa vikaratasi vya kura kwa wanaohitimu darasa la Biblia. Kila mmoja ana Jumapili yake. Mimi nilikuwa mbele, natafsiri kwa mikono kama kawaida. Kikaratasi cha mdogo wangu wa kike, Chiriku, kikatoka: Marko, sura ya saba, yule kiziwi aliyeponywa na Yesu. Darasa zima likatazama sakafu. Maana Chiriku mwenyewe ni kiziwi, tangu homa ya utotoni. Mchungaji akaona haya, akamwambia yuko huru kuchagua fungu lingine. Chiriku akajibu papo hapo:

"Kwani wenzangu wamebadilishiwa?"

Nikayatamka maneno ya mikono yake kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Karibu niote mapembe.

Jina la Chiriku alilipata nyumbani, kwa sababu mikono yake haijui kunyamaza. Hata akiwa anatafuna anasimulia. Yeye ananiita Sponji, kwa ajili ya kazi yangu ya kushona makochi. Sawa tu.

Alhamisi, 6 Machi

Baba amepata habari. Alikuja karakana nikiwa nimelala chali chini ya kochi, napiga pini za kitambaa. Nikaona viatu vyake vya kanisani kabla sijamwona mwenyewe.

Amefurahi mno, na furaha yake ndiyo inayonitia wasiwasi. Yeye ni mzee wa kanisa, na fungu hilo analijua kwa moyo. Ndilo alilomwombea nalo Chiriku tangu akiwa mdogo. Anasema Mungu hachezi na vikaratasi, hii ni ishara. Jumapili ya mahubiri, Chiriku akimaliza, wazee watamwekea mikono na kumpaka mafuta, na masikio yatafunguka mbele ya kanisa zima. Ameshawaambia wazee wenzake. Ameshawaambia wanakwaya. Kwa ufupi, ameshawaambia wote isipokuwa mwenye masikio.

Akanituma mimi nikamweleze.

Nikaenda jioni, kwenye kile chumba anachofanyia kazi nyuma ya kliniki ya meno. Chiriku hutengeneza meno ya bandia. Alikuwa ameinama juu ya taya la plasta, anachonga nta kwa kisu kidogo, anapanga meno ya mbele ya mtu fulani ambaye wiki ijayo atacheka tena. Nilitamani kulainisha maneno ya Baba njiani. Sikulainisha. Mkalimani akianza kulainisha, amekwisha.

Akatazama mpaka mwisho. Akauliza kwa nini Baba hakuja mwenyewe. Akarudi kwenye meno yake.

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzima mimi na Chiriku tumekaa na mchungaji, vitabu vimejaa meza ya sebuleni kwake mpaka chai tukanywea magotini.

Sikujua watu wamelisoma fungu hili kwa namna nyingi hivyo! Mchungaji alituonyesha. Wapo waliosema kiziwi yule ni sisi sote, tulioziba masikio neno la Mungu lisiingie. Wapo waliosema ni ahadi ya nabii Isaya inatimia, dalili ya ulimwengu ujao. Wapo waliolipeleka kwenye ubatizo, wakawa wanagusa masikio ya anayebatizwa. Halafu wapo walioshika lile neno la Paulo kwa Warumi, kwamba imani huja kwa kusikia, wakahitimisha kwamba kiziwi hawezi kuamini. Hapo mchungaji alisoma polepole, na mimi nikatafsiri polepole. Wengine waliwapinga, akasema. Kusikia kwa Paulo ni kuupokea ujumbe, na ujumbe una milango mingi.

Chiriku hakuonyesha kukasirika. Alisema: kumbe nimeanza kukataliwa kabla sijazaliwa. Kisha akacheka, akaomba sukari.

Baadaye akaweka kidole kwenye mstari wa thelathini na tatu, hakukiondoa. Akatuuliza Yesu alianza na nini. Mchungaji akajibu, alianza na kumponya. Chiriku akatikisa kichwa. Alianza kwa kumtoa kando ya umati. Halafu vidole masikioni. Akagusa ulimi. Akatazama juu. Neno la mdomo lilikuja mwisho kabisa. "Yule mtu alikuwa hasikii," akasema. "Kwa hiyo Yesu alizungumza naye kwa mikono kwanza, ili ajue anafanyiwa nini."

Mimi nimesoma fungu hilo maisha yangu yote. Nimelitafsiri kwa mikono hii hii! Sikuwahi kuliona hivyo.

Mchungaji hakumpa sifa za bure, na kwa hilo namheshimu. Alimwambia ajihadhari, maandiko yanasema masikio yalifunguka, asiruke hapo kwa sababu hapampendezi. Wakabishana karibu saa nzima, mikono yangu ikawaka moto. Mwisho Chiriku akakubali. Hataruka. Masikio yalifunguka, atasema hivyo waziwazi. Ila atauliza kilichotangulia.

Nilipokuwa natembea naye kurudi, kwenye barabara ile ya maduka ya vioo, nilitaka kumsimamisha kila mpita njia. Mnamjua huyu? Huyu ni mdogo wangu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani watu wanamtazama Chiriku kama mgonjwa anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mama mmoja wa kwaya alimshika mashavu akalia. Chiriku akaniuliza nani kafariki.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya.

Chiriku alitaka Baba ajue mapema. Tukaenda kwake baada ya kazi. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, kile nilichomshonea upya mwaka jana. Chiriku akamwambia kwamba Jumapili hataki kupandishwa mbele na kupakwa mafuta. Hakatai maombi. Anakataa kufanywa mahubiri ya watu wengine siku ya mahubiri yake.

Mimi ndiye niliyeyatoa maneno hayo kwa mdomo wangu, na Baba akanitazama mimi kana kwamba nimeyatunga.

Akasema, mwambie tulifunga kwa ajili yake. Mwambie marehemu mama yenu alikwenda kaburini akiomba masikio hayo. Nikamwambia. Chiriku akasema anajua, alikuwa anaona magoti ya Mama sakafuni. Baba akasema, mwambie asiyetaka kuponywa anamdharau Mponyaji. Nikamwambia na hilo.

Mwisho Baba akasema, "Mwambie mimi ni baba yake."

Chiriku alinisukuma kando, akasimama mbele yake kabisa. Akasema kwa mikono: "Aniambie mwenyewe."

Nikalitamka hilo. Baba akaitazama mikono yake mwenyewe. Anajua alama tatu au nne tu: kula, njoo, lala. Nyingine hakuwahi kujifunza, kwa sababu kila mwaka aliamini hazitahitajika tena. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimelielewa hili. Hakuwa mvivu. Alikuwa anasubiri.

Akaenda chumbani, akafunga mlango.

Ijumaa, 14 Machi

Baba hapokei simu. Chiriku anafanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Anahubiri vizuri. Anahubiri vizuri mno!

Jumapili, 16 Machi

Niko kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha wazee. Naandika hapa hapa, maana nikisubiri hadi nifike nyumbani nitayaharibu.

Kanisa lilijaa. Viziwi wengine walikuja pia, sijui waliambiwa na nani, wakakaa safu ya mbele. Chiriku alipanda na gauni la bluu. Nilisimama pembeni yake na kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza watu hawakunitazama mimi. Walitazama mikono.

Alisema yule mtu aliletwa na watu. Watu ndio walioomba kwa niaba yake, na hakuna panapoandikwa kwamba walimuuliza. Yesu ndiye wa kwanza kumtoa katikati yao, akamgeukia yeye mwenyewe, akasema naye kwa lugha ambayo angeiona. "Halafu masikio yakafunguka," alisema. "Sijui kama yangu yatafunguka. Akitaka, atayafungua. Lakini kuzungumza na mimi, ameshaanza zamani."

Niliruka neno hapo. Ikabidi niirudie sentensi. Safu ya mbele yote ilikuwa imeinua mikono juu, inapunga, ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Na kanisa likafuata, watu wazima na suti zao, mikono hewani. Sitasahau.

Kisha Baba akasimama. Na wazee wawili nyuma yake, na ile chupa ya mafuta. Hakuna aliyejua afanye nini, hata mchungaji. Chiriku alimtazama, hakurudi nyuma. Akaniambia nitamke hivi, kwamba atakwenda kuombewa, ila kama yule mtu, kando ya umati. Na mimi, kaka yake, nisitafsiri.

Baba akaitazama chupa mkononi. Kisha akawaachia wenzake, akamfuata Chiriku mpaka chumba cha wazee.

Wako ndani. Kwaya inaimba wimbo wa mwisho, lakini mle chumbani kimya. Baba akiomba, hata jirani wa tatu hujua anamwombea nani. Sasa simsikii kabisa. Nimesikia kiti kinavutwa, basi.

Mlango una kioo cha ukungu. Naona vivuli viwili, vimekaa vinatazamana. Mkono wa Baba umepanda, umesita, umeshuka. Umepanda tena, taratibu. Si mkono wa kubariki. Ni wa mtu anayetafuta neno. Na ule wa Chiriku umeushika kwa vidole, unaurekebisha.

Mzee mwenye chupa amenikaribia, ananiuliza kama sasa aingie na mafuta. Nimemwambia asubiri kwanza, bado wanaongea—