Sauti ya Bi Mwatum

Jumatano, 12 Novemba 2025. Manyunyu tangu alfajiri, hakuna upepo.

Bi Khairat mpendwa, shikamoo. Nisaidie kama unavyowasaidia wasomaji wako wengine, kabla sijampoteza mtu ambaye sina mwengine mfano wake. Mimi na Tahiya tumezaliwa mtaa mmoja hapa Mkunazini, chuo kimoja cha Kurani, skuli moja, na mama yake, Bi Mwatum, ndiye aliyekuwa akinisuka nywele kila Alhamisi, maana mamangu alikuwa akifanya kazi hotelini Kendwa, kwa hiyo chumvi ya nyumba ile nimeila kuliko ya kwetu. Mwaka jana tukaanzisha podikasti ya kuchekesha, tukaiita Ngazi ya Tatu, kwa sababu ndipo tulipokuwa tukikaa kwao tangu wadogo. Tahiya anaandika maneno, mimi naiga sauti. Iliyopendwa zaidi ni sauti ya mwanamke anayemlalamikia mumewe, na sauti ile, sikufichi, ni ya Bi Mwatum mwenyewe, na malalamiko ni yake pia, Tahiya akiyaokota wakati wa kula. Bi Mwatum hana habari na mambo ya mtandaoni, hakujua.

Mwezi uliopita tulirikodi kipindi cha mume anayekoroma, tukakipanga kitoke chenyewe Jumapili. Alhamisi, Mzee Simai, baba yake Tahiya, akafariki ghafla. Tulikuwa sote msibani, mimi nakosha masufuria, Tahiya kamshika mamake, hakuna aliyekumbuka kukizuia. Jumapili hitma imeshasomwa, wanawake bado wamekaa, mgeni mmoja akafungua simu, ikatoka sauti yangu: "Mume wangu akilala, mtaa mzima unakesha. Iko siku na mie ntalala."

Bi Mwatum, ameshaingia eda, akauliza taratibu, "Nani huyo?"

Tahiya alinitazama, kisha akasema, "Ni Yusra, mama. Mie sijui kitu."

Nilivaa buibui langu nikaondoka, na tangu hapo sijakanyaga. Majirani wanaingia kumtazama Bi Mwatum, mimi napita njia ya nyuma. Tahiya ameniandikia nimvumilie mpaka mama atoke eda, halafu turudi kazini. Nikisema kweli, namvunjia heshima kwa mamake wakati hana baba. Nikinyamaza, Bi Mwatum atabaki akiamini ni mimi peke yangu niliyemfanyia vile. Nifanye nini? Jana nimelala saa tisa usiku.

Yusra, Mkunazini


Marahaba, Yusra. Nakuonea huruma, kwani kukanwa mbele ya watu na uliyekua naye si jambo dogo. Tahiya alikosea. Lakini ndiyo kwanza amezika baba, akaogopa. Hilo ni lake na mama yake.

Sasa nawe nikwambie. Barua nzima unapima nani kaandika na nani kasema, na hukuniambia hata mara moja Bi Mwatum yu hali gani. Mwanamke amefiwa, amekaa ndani, hawezi hata kutoka akamkemee mtu mlangoni, na manung'uniko aliyoyasema kwake, mezani, juu ya mume aliyempenda, mmeyatia kwenye simu za watu. Majirani wote wamekwenda kumtazama isipokuwa wewe uliyesukwa na mikono yake. Kimya chako mnakiita uvumilivu. Yeye anakiona kiburi.

Kifute kipindi kile leo, na vyote vyenye sauti ile. Usingoje eda iishe: inamzuia yeye kutoka, haikuzuii wewe kuingia. Mwambie Tahiya siku utakayokwenda ili apate nafasi ya kusema lake. Akinyamaza, usimsemee. Wewe muombe radhi Bi Mwatum kwa mdomo wako, kwamba uliiga sauti yake bila ruhusa, basi. Usianze kugawa makosa. Akikuuliza waziwazi kama mwanawe alikuwamo, usiseme uongo, mwambie amuulize mwenyewe. Na kazi yenu isimame mpaka Tahiya aseme kweli kwa mamake. Asiposema, hakuna kipindi. Huwezi kuchekesha watu na mtu ambaye humwamini akikutazama.

Nenda asubuhi, kabla wageni hawajajaa. Huenda akakusema kwa maneno makali, tena kwa sauti ile ile uliyozoea kuwachekeshea watu. Mwache amalize.