Udongo wa Abdullatif

Ibra, Sharqiya,
Oman.
Jumatatu, 27 Februari 1984

Mpendwa dada yangu Mwatima,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Musallam na watoto, na kwamba mvua za Ujiji hazilisumbui goti lako kama mwaka jana. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Baridi ya mwaka huu imetuvisha masweta mpaka ndani ya nyumba, lakini mwisho wake unakaribia. Marhoun, mume wangu, ni mzima na kazi zake zinakwenda. Shangazi Bimdogo yuko hapa kwangu siku hizi, na habari zake nitakupa kwa kituo, maana ndizo zilizonikalisha kuandika.

Barua yako imefika Alhamisi. Unasema binamu yetu Abdullatif amekuandikia kumposa binti yenu Fakhriya, kwamba sasa yeye ni mkulima, na kwamba wewe na shemeji mmeelekea kukubali kwa sababu mimi mwenyewe nilimsifu katika barua yangu ya Novemba. Unaniuliza jambo moja tu: je, bado ni mvivu kama zamani?

Si mvivu, dada. Laiti angekuwa mvivu. Mvivu hulala, na aliyelala madhara yake ni machache. Nimetoa shajara yangu, hiyo unayonicheka nayo tangu tuko shule, nami nitakupa tarehe ili usidhani ni hasira inayosema.

Alikuja Septemba, alipoachana na lile duka la Bidbid. Aliomba kona ya nyuma ya bustani aliyotuachia baba, kule kwenye milimau, apande mchicha na bamia. Nilimpa. Nilimpa na sehemu ya zamu yetu ya maji ya falaji, mfereji wa mji, ambayo hutufikia kila Jumamosi asubuhi. Yeye na mama yake, shangazi Bimdogo, wakahamia kwenye kile kijumba kilicho ubavuni mwa bustani.

Tarehe 17 Septemba alileta magunia kumi na mawili ya samadi ya mbuzi kutoka kwa Mabedui. Alitaka kuukuu tu, iliyolala mwaka mzima, kwa sababu mbichi, alisema, inaunguza mizizi. Tarehe 24 watu walipokuwa wakisafisha falaji, alichota tope lao ndoo baada ya ndoo. Tarehe 29 alikwenda Sur na pikapu yake, akarudi na dagaa wakavu, wale wa kulishia ngamia, akawaosha maji matatu ili chumvi itoke. Alichanganya na majivu ya makuti na majani ya milimau yaliyooza. Kila siku ya nne aligeuza lile tuta kwa jembe, akalifunika kwa magunia mabichi. Mbolea ya dukani aliikataa kabisa. Alipotamka neno "asili" ungedhani yuko juu ya mimbari.

Mwisho wake aliuchekecha udongo wote kwa chekeche ya unga ya shangazi. Shangazi alikula mkate wenye mchanga wiki mbili.

Mzee Mabrouk, anayetutunzia mitende, hakuweza kujizuia. Siku moja alisimama na mundu wake akamtazama.

"Abdullatif, bwana harusi ni nani? Maana huyu biharusi wako umeshamsinga mpaka kucha."

"Wewe mzee ni wa mitende tu. Mchicha unataka mapenzi."

"Mchicha? Mchicha unaota hata juu ya ukuta wa choo, na hakuna aliyeupenda."

Nilicheka. Tena nilimtetea, nikamwambia Mabrouk amwache mtu anayejaribu. Nikauchukua ule udongo mkononi: mweusi, laini, unanukia mvua. Usiku huohuo nikakuandikia kwamba binamu yetu amekuwa mtu. Niliandika nilichokiona, dada, na sikutazama upande wa pili wa ukuta.

Upande wa pili wa ukuta alilala shangazi. Macho yalikuwa yamemwanza tangu Septemba, maumivu na ukungu. Daktari wa macho huja hapa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mimi Jumamosi niko shule, kwenye ofisi, na Marhoun yuko kazini, kwa hiyo pikapu ni moja na mwanawe ndiye mwenye kumpeleka. Soma tarehe hizi kwa utulivu. Tarehe 1 Oktoba nilimuuliza Abdullatif, akasema daktari hakuja. Tarehe 5 Novemba akasema foleni ilikuwa ndefu, wamerudi. Tarehe 3 Desemba akasema wamepewa dawa. Nimeziandika zote, kila moja na jibu lake, kama karani mjinga anayepokea risiti bila kuisoma. Na shangazi, nikimuuliza, alisema, "Namshukuru Mungu," akageukia ukutani.

Ijumaa, 13 Januari, nilikwenda kuchuma malimau. Abdullatif alikuwa ameizungushia kona yake ua wa makuti, mrefu kuliko mtu, akidai mbuzi wa jirani wanamsumbua. Mzee Mabrouk alikuwa amechungulia.

"Bi Mahbouba, njoo uutazame mchicha huu. Umenifika kifuani."

"Kifuani?"

"Na una vidole."

Ilikuwa bangi. Miche ishirini na tatu, minene, imestawi kama imesomewa. Mimi na wewe tuliijua tangu utoto, nyuma ya karakana ya maseremala pale Ujiji, njia tuliyokatazwa kupita. Sasa imo katika bustani yenye jina langu na lako kwenye hati, imenyweshwa maji ya baba. Kama askari angeingia kabla yangu, mimi ndiye ningetolewa pale mbele za watu, na wewe jina lako lingesomwa pamoja na langu.

Abdullatif alitokea na ndoo mkononi. Nilimuuliza hii ni nini.

"Dawa."

"Ya nani?"

"Ya mama. Ya maumivu yake."

Dirisha la shangazi liko upande uleule. Sauti yake ilitoka ndani, taratibu:

"Mimi naumwa macho, Abdullatif. Sikuomba majani. Niliomba kupelekwa."

Hapo ndipo nilipojua. Hakupelekwa Oktoba, wala Novemba, wala Desemba, wala Jumamosi ile ya tarehe 7 iliyokuwa imepita juzi tu. Kila Jumamosi ya maji alimwambia, "Kesho, mama, leo zamu." Naye alimsitiri mwanawe kwangu, kwa sababu yeye ni mama.

Tuliing'oa yote, mimi na Mabrouk, tukaitumbukiza kwenye shimo la choo cha zamani, tukaifukia. Abdullatif alikaa chini akalia. Mwanaume wa miaka thelathini na tano, amekumbatia tuta. "Miezi minne, Mahbouba! Udongo huu nimeutengeneza miezi minne!" Polisi sikuwaita, kwa ajili ya shangazi tu. Alipanda pikapu yake jioni ile akarudi Bidbid kwa rafiki yake.

Jumapili Marhoun aliomba ruhusa kazini, tukampeleka shangazi Maskati. Jicho la kushoto limekwisha. Daktari wa kule alisema ni presha ya jicho, na lau wangeliona Oktoba, lingetibika. La kulia anatiwa dawa kila siku, mimi ndiye ninayemtia, na inshallah litabaki. Nilipeleka habari Bidbid. Unataka kujua mwana alijibu nini? "Ni uzee. Wazee ndivyo walivyo." Kisha akamuuliza yule aliyempelekea habari kama ule udongo bado uko.

Uko. Mabrouk amepanda vitunguu. Udongo hauna kosa.

Sasa tazama tarehe ya posa yake, kama ulivyoniandikia mwenyewe: 20 Januari. Siku tano baada ya Maskati. Anakuambia ni mkulima, na kwamba mama yake anahitaji mwenzake nyumbani. Hatafuti mke, dada. Anatafuta mtu wa kumuogesha mama yake, kumpikia na kumtia dawa, ili yeye akatafute kona nyingine yenye maji. Fakhriya amemaliza kidato cha nne kwa taabu zako na za shemeji. Hakusomeshwa ili aje kusitiri Jumamosi za mtu.

Nimewajua wavivu wengi katika ukoo wetu, na nimewapenda. Hula, husinzia, huomba msamaha. Huyu ana nguvu za watu watatu, subira ya mvuvi, na macho ya kuona kijiwe kidogo ndani ya gunia zima la samadi, na vyote hivyo hakumpa mtu hata mmoja. Aliogopa mizizi isiungue. Mama yake aliungua chumba cha pili.

Lawama yangu naibeba. Barua yangu ya Novemba ichane. Kama imesomwa mbele ya wazee wa upande wa shemeji, basi na hii isomwe mbele yao.

Nilisita kukuandikia kabla ya kumwambia shangazi, kwa kuwa ni mwanawe. Jana baada ya alasiri nilimsomea barua yako yote. Nilitegemea ataniomba nimstahi mwanawe, na nilikwishatayarisha maneno ya kumkatalia. Aliniomba nirudie tu pale palipotajwa Fakhriya. Alivuta tasbihi yake mpaka akaimaliza. Kisha akaniambia nichukue kalamu, nami naandika kama alivyosema:

"Mwambie Mwatima, mwanangu nampenda na dua zangu sizikati. Lakini mtoto wake asiletwe. Mimi niliyemzaa nilimwita miezi minne, ukuta mmoja kati yetu, hakunisikia. Msichana wa watu aliyetoka Ujiji akiita, ataitikiwa na nani?"

Nisalimie sana shemeji Musallam, na kijana wenu Azzan, na Mwalimu Hamdani jirani yenu. Fakhriya mpe busu langu, umsomee barua hii yote bila kumpunguzia neno. Shangazi anawasalimu, na Marhoun pia. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuponye goti, na ampe binti yetu mtu atakayeitika anapoitwa.

Mdogo wako, akupendaye leo na siku zote,

Mahbouba