Ukitua Ijumaa

Shikamoo, Dada.

Nyumbani hatujambo. Bibi anakusalimu, nami nimefaulu hesabu, usicheke.

Kumbe kampuni ya hapa imekodi ndege zenu ndogo pamoja na wahudumu wake, ili ifike hata mji wetu! Jirani alikuona ukifungua mlango wa ndege, akaja mbio kumwambia Mama. Mama alilia hadi chai ikapoa.

Baba alijua tangu safari ya kwanza. Si yeye anayeijaza ndege yenu mafuta? Jana nilimuuliza mbona alituficha. Akacheka kidogo, akasema, "Ningesema nini, mwanangu? Nilimfukuza kwa kupenda kazi ya ndege, leo nakodishiwa binti yangu mwenyewe." Kisha akaendelea kusugua mikono iliyokwisha kutakata.

Nasikia mkataba wa ndege unaisha mwezi huu, nanyi mtarudi ng'ambo.

Dada, ukitua Ijumaa, tazama chini ya bawa la kulia. Wajaza mafuta hawaruhusiwi kupanda ngazi bila kuitwa na wahudumu, na Baba hajawahi kuvunja sheria ya kazi.

Mwite.

Mdogo wako anayekungoja,
Kitindamimba