Sabuni ya Asumini kwa Bwana Harusi

Mjukuu wangu Athumani,

Salamu zikufikie huko Maskati. Sisi wazima, na mjomba wako wa Tudor kapata binti. Kaseti yako tumeisikiliza sote. Waniuliza nitakunyoa kwa sabuni gani siku ya harusi yako. Nimeipata! Leo, katika duka la nne nililoingia Mwembe Tayari, nimefungua karatasi nikanusa: asumini yenyewe!

Usicheke. Nilipoanza ukinyozi hapa Mji wa Kale, nilimnyoa bwana harusi mbele ya watu kwa sabuni kama hii, kwa kuwa ndiyo iliyonukia zaidi dukani. Shangazi zake wakapiga kelele: “We kinyozi! Huyu anaoa au anaolewa?” Harufu ya wanawake, nami nimempaka mwanamume! Nilitamani ardhi inimeze. Bwana harusi akanishika mkono: “Malizia. Marehemu mama alikuwa akinukia hivi.” Nikamalizia.

Mamako naye, binti yangu, Mungu amrehemu, hakukosa kikuba cha asumini kifuani. Basi shangazi zako wakipiga kelele, waache wapige. Njoo upesi, wembe nimeshaunoa.

Babu yako