Boksi la Saba

Itigi,
11 Mei 1994.

Kaka yangu mpendwa Alute,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili, maana uzima wa moyo najua huna. Mimi huku ninaamka na kwenda kazini, zaidi ya hapo sina la kusema. Mama anaendeleaje hospitalini? Mikono bado inatetemeka? Shemeji Scola ameanza kula? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu tangu barua yako ifike, siku tisa zilizopita, sijauliza lolote. Kimya hicho nitakieleza.

Nashukuru kwamba Philipo alifikisha ujumbe wangu. Amerudi jana na lori lake, akaniambia ule mtama uliokuja ndani ya vyombo hamtaupika tena, na shemeji ameufunika akaupandisha darini. Alisema ulicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba, ukamwuliza kama karani wa Itigi anataka arudishiwe mtama wake. Hapana kaka, siutaki.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Umeniandikia kwamba binti yenu Dina mlimzika kando ya baba. Kwamba alianza kutapika, kisha mikono na midomo ikatetemeka, na mama akafuata baada ya siku mbili. Umeandika pia kwamba watu wa Mgori wameshampata wa kumlaumu, naye ni jirani yetu Bibi Stumai, kwa kuwa ndiye aliyewapokea na kibuyu cha maziwa siku lori lilipofika, na Dina akanywa wa kwanza. Amepewa mpaka Jumamosi hii afungashe vyombo vyake aondoke, la sivyo mkutano utamwondoa. Ukasema ulimwona uani kwake akifunga vyungu kwa nguo zake kuukuu, peke yake, ukashindwa hata kumwamkia. Neno hilo halinitoki kichwani.

Nami naomba nikueleze nilivyofungasha.

Ulipopunguzwa kazi na kuambiwa nyumba ya kazini irudishwe, ulitangulia Mgori kuezeka, ukaniachia familia na vyombo. Ulisema kazi ya kuhamisha nyumba inamfaa mtu wa orodha. Nilifurahi kuaminiwa, nikaifanya kwa uangalifu wangu wote. Cherehani ya shemeji niliing'oa kichwa nikakiviringisha kwenye blanketi. Vioo vya taa nilivijaza soksi, nikavilaza ndani ya sufuria kubwa. Sahani nilizisimamisha kwa ubavu, sikuzilaza, maana zikilala hupasukiana. Misumari ya kitanda niliitia kwenye kopo la maziwa, nikalifunga kwenye fito ya kitanda chenyewe isije ikapotea. Debe la asali nililiziba kwa nta na kuliweka mbali na nguo. Kila boksi nililipa namba, nikaandika pande mbili kilichomo, isipokuwa moja, na orodha nikainakili mara mbili.

Shemeji alinitania siku nzima. Alisema Dina akitulia baba yake mdogo atamwandika namba na yeye. Dina akaja mbio akanipa paji la uso. Maboksi yalikuwa kumi na mawili, nikamwandika kumi na tatu kwa chaki. Alikataa kuoga jioni ile.

Boksi la saba lilikuwa la vile vikombe vya kioo mlivyopewa kwenye harusi, na vyungu viwili vya mama. Mama alikuwa amekwisha kuniagiza kwamba chungu hakisafiri kwenye karatasi, kinasafiri kwenye makapi, kama yeye alivyovileta vyungu hivyo kutoka Mgori akiwa bado kijana. Lakini mwaka huu mvua zimetukimbia, na makapi yaliyokuwepo yalikwisha kuliwa na ng'ombe. Magazeti nayo yaliishia boksi la sita. Nikaona nisimwangushe mama, nikatafuta kitu kinachofanana na makapi.

Unajua kwamba ghala letu linafungwa. Sasa wafanyabiashara wanajinunulia na kujiuzia wenyewe, na sisi makarani watano tutabaki wawili. Wiki ile msimamizi wetu, Kefa, aliniagiza nichome magunia ya mtama wa mbegu uliopitwa na wakati, kisha nitie sahihi kwamba yote yameteketea. Nilichoma, isipokuwa madebe mawili. Hayo nilikuja nayo nyumbani kwako, nikayamimina kwenye boksi la saba. Vyungu vikakaa kama mayai kwenye kiota. Mama alikuja akasukuma kimoja kwa kidole, hakikutikisika, akasema sasa nimekuwa mtu mzima.

Kaka, mbegu ile ilikuwa na dawa ya kuua wadudu. Kwenye gunia pamechorwa fuvu, na karani asiyejua maana yake hayupo. Dawa huipaka mbegu wekundu, lakini mtama wenyewe ni mwekundu na ulikuwa umekaa miaka, hivyo macho hayawezi kuutofautisha. Nilishika kalamu niandike SUMU, USILE juu ya boksi. Sikuandika. Nilifikiri kwamba neno hilo likisomwa na mtu wa kazini atauliza sumu imetoka wapi wakati imeteketea kwa sahihi yangu, na mimi ndiye mdogo kuliko wote wanaongoja kupunguzwa. Nikajiambia nitamnong'oneza shemeji wakati wa kupakia.

Wakati wa kupakia, Kefa alikuja kusaidia. Alikuwa ameegemea boksi hilohilo, akinicheka kwamba nimeandika hata ufagio ni ufagio, lakini boksi la saba sikuliandika kilichomo. Shemeji naye akaniuliza, huku ndani kuna nini kizito hivi. Nilijibu kwamba ni cha kukinga vyombo tu. Shemeji akanitazama, akatabasamu, akanyamaza. Nilidhani ameelewa. Kumbe alielewa kwamba nimewafichia chakula kwa sababu ya njaa, na kwamba naona haya kusema mbele ya watu.

Haya nayajua kutoka kwako mwenyewe. Mwishoni mwa barua, baada ya msiba, baada ya Bibi Stumai, uliandika hivi: "Scola anakushukuru kwa mtama uliotufichia. Ulinuka mafuta ya taa kidogo, akajua jiko limeumwagikia, akauosha mara tatu. Ndio uliotuvusha wiki ya kwanza." Wewe wiki hiyo ulikuwa Singida ukitafuta kazi. Na shemeji namfahamu, huwapakulia wengine, yeye hula ukoko uliobaki.

Basi si maziwa. Ni mimi.

Siku tatu za kwanza nilikaa na jambo hili bila kutuma hata neno, na mtama ulikuwa bado ndani kwenu. Nikamtuma Philipo aseme msile, bila kumpa sababu. Leo ndipo nimeweza kuandika. Ndani ya bahasha nimetia kipande cha gunia chenye jina la dawa. Mpelekee daktari wa mama leo hii, kabla hujafanya jingine. Mtama uzikeni shimo refu, mbali na kuku na mbali na kisima. Vyungu vya mama msivipikie tena, udongo hunywa. Na barua hii isomwe yote mbele ya mkutano, na jina langu.

Philipo amesema kuna nafasi mbele ya lori, nije naye huko. Nimemjibu kwamba nina kazi nyingi. Ni uongo. Nikishampa barua hii nitakwenda kituo cha polisi, kama miguu itakubali, maana hapo ni karibu kuliko uso wako.

Msalimie mama, mwambie shikamoo, na usimwambie zaidi mpaka apate nguvu. Msalimie shemeji, sina neno la kumwambia. Barua zangu zote nilizoea kuzifunga kwa kumsalimu Dina, na mkono umekwisha kuandika herufi ya kwanza ya jina lake ndipo nikaikata.

Na kabla ya salamu hizo zote, nenda kwa Bibi Stumai. Mwamkie, umwambie afungue vyungu vyake.

Mimi mdogo wako,
Zefania